Mstari wa Kumi na Nne

Selemani, baba yangu,

Sikuulizi hali, maana nimekuona asubuhi ukila mihogo ya kukaanga kama mtu anayehama nchi. Na hali yangu unaijua: goti linauma, umeme umekatika tangu adhuhuri, na printa imekaa kimya na kazi za watu. Wewe umekwenda Ikwiriri kumuaga shangazi yako na hutarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo nina alasiri nzima na hii karatasi. Naandika kwa mkono. Ukishindwa kuusoma mwandiko wangu shauri yako, ndio uleule uliokuwa ukiuiga kutia saini daftari la shule ukidhani sijui.

Mambo ya nguo, ya swala, ya kutompa mtu simu yako aipigie, sikuandikii. Umeshaambiwa na mtaa mzima, na muuza maji naye kaongeza lake. Mie nina jambo moja, na nimelikalia miaka mitatu. Mwanzo nililikalia kwa ubishi, baadaye kwa aibu, na hivi karibuni kwa mazoea tu, ambayo ndiyo mabaya kuliko yote.

Kilichonitoa ni simu ya jana. Ulisimama nje ya duka ukidhani sikusikii, na simu yenyewe umeweka sauti kubwa. Yule bwana wa kampuni unayokwenda kuifanyia kazi Dar es Salaam alikwambia, kwa upole mwingi, kwamba wameipenda Alama, ile programu yetu, kwamba vijiji vingi vitaitumia kuandikia mihtasari yao, ila ile kanuni ya namba wataiondoa. Mtu akijiandikia namba mwanzoni mwa mstari, mashine iitupe, ihesabu yenyewe moja mbili tatu mpaka mwisho, ili kila karatasi itoke safi. Akakuita mdogo wangu mara nne. Nawe ukamjibu, sawa kaka, tutaangalia.

Naijua hiyo tutaangalia yako. Ndiyo uliyomwambia fundi Rajabu alipokukatia suruali fupi, ukaivaa mwaka mzima watu wakikucheka vifundo vya miguu. Maana yake ni kwamba umeshakubali na unatafuta pa kukaa na uchungu wako. Nilitaka kutoka nikunyang'anye ile simu. Kilichonizuia si adabu. Kilichonizuia ni kwamba niliijua hiyo tabia umeitoa wapi, na aliyekufundisha ni mie.

Hebu nianzie mbali kidogo, maana wewe unaikumbuka programu, mie nakumbuka nilichokuwa nakikimbia.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa. Nilitoka Ngorongo na cheti changu cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Bosi wangu alikuwa mtu wa kukumbuka mambo kwa kuchelewa. Nikishamaliza muhtasari wa mkutano, kurasa tisa, maazimio yamepangwa kwa namba kuanzia moja hadi thelathini na kitu, anakuja na kalamu sikioni, anasema Zuhura, hapa baada ya la tatu ongeza na hili. Sasa ukiongeza moja baada ya la tatu, la nne linakuwa la tano, la tano la sita, hivyo hivyo mpaka chini, na kwenye taipureta hakuna dawa. Unang'oa karatasi unaanza upya. Siku moja nilianza upya mara tatu nikalia juu ya mashine, na yeye akadhani nimefiwa, akanipa ruhusa niende nyumbani.

Kwa hiyo nilipokuja kufungua steshenari hapa Kibiti, na wewe ukiwa mtoto wa kulala chini ya meza ya fotokopi, nilikuwa na kisa na namba. Na watendaji wa vijiji vya delta wakakizidisha. Unawakumbuka. Mtu yuko huko Kiongoroni au ng'ambo yake, muhtasari wa mkutano unatakiwa wilayani kesho kutwa, boti hakuna, basi anautuma kwa meseji kutoka kwenye kitochi chake, vipande kumi na viwili, kipande cha tano kinafika kabla ya cha pili. Na namba zake ndizo hizo: sita, saba, tisa, tisa, kumi. Nikimpigia kumuuliza nane iko wapi, ananiambia mama, nane ilikuwa ugomvi, tumeiacha.

Alama ilizaliwa hapo, na nasema bila kujificha kwamba ilizaliwa kichwani mwangu. Wewe uliiandikia programu, na uliiandika vizuri kuliko nilivyoota, lakini zile alama nilizitunga mie, juu ya bahasha, nikiwa na kitochi mkononi najaribu kimoja kimoja. Nilitaka maandishi matupu, yasiyo na rangi wala mapambo, ambayo mtu anaweza kuyabonyeza amekaa juu ya gunia akingoja maji yajae. Alama ya sawasawa mwanzoni mwa mstari, hicho ni kichwa cha habari. Nukta na nafasi, hilo ni jambo la orodha, na mashine itaweka namba yenyewe. Nukta mbili, hilo ni jambo dogo ndani ya lile kubwa, mashine itaweka a, be, che. Kwa nini nukta? Kwa sababu kwenye kitochi nukta ni kitufe cha moja, unagusa mara moja tu. Namba mpaka ubonyeze na kushikilia, na mtu mwenye kidole kigumu cha kukata mikoko atashikilia mpaka simu izimike. Hiyo ilikuwa akili, Selemani, na sitaki mtu yeyote wa Dar es Salaam aniambie haikuwa. Siku ya kwanza niliyopachika jambo jipya baada ya la tatu, na zile namba za chini zikajisogeza zenyewe, niliitazama karatasi inatoka nikamkumbuka bosi wangu na kalamu yake. Nilicheka peke yangu dukani kama mwehu.

Sasa tukaja kwenye lile la kubishaniwa. Ulikuwa kidato cha nne, sauti inakatikakatika. Ukaniuliza, je, mtu akiandika namba yeye mwenyewe? Asiweke nukta, aandike kumi na nne kisha nukta kisha jina? Nikakwambia mashine iitupe ile kumi na nne iiweke yake. Ukasema:

"Mama, mtu akiandika kumi na nne, pengine anamaanisha kumi na nne."

Nami nikakujibu, "Anamaanisha hajui kuhesabu."

Tulibishana siku tatu. Ulinipa mifano, ukachora kwenye kisanduku cha karatasi za A4. Ukasema mashine inaweza kuiheshimu namba ya mtu na kuendelea kuhesabu kutoka hapo, kwamba ni mistari michache tu ya kuandika. Mie nikaona unataka kunirudishia zile tisa mbili za watendaji. Mwishoni nikasema neno ambalo mzazi hulisema akiishiwa: duka la nani hili? Ukaiandika nilivyotaka.

Nakukumbusha haya ili uyaone yamepangwa mbele yako, kwa sababu nadhani kwa miaka hii umeanza kuamini ile hadithi niliyowaambia watu.

Yale maji makubwa yaliposhuka, kile kijiji, tukiache bila jina, kilikuta mto umehama. Umeacha upande mmoja ardhi mpya, nyeusi, tifutifu, ambayo hakuna babu wa mtu aliyepata kuilima, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusimama akasema ule mnazi ni wetu. Kijiji kikapima vipande thelathini na sita, kikachomeka vigingi, kila kigingi kikapakwa namba yake kwa rangi nyekundu, na watu wakaokota vikaratasi kwenye kofia ya mwenyekiti. Namba uliyookota ndilo shamba lako la mpunga. Hapakuwa na mpaka wala mti wala shahidi mwingine, ni ile namba.

Mtendaji Mbwana akanitumia orodha. Masikini, mtu yule alijua uzito wa kile alichoandika. Hakuweka nukta tupu. Aliandika kila namba mwenyewe, akabonyeza na kushikilia, moja mpaka thelathini na sita, na majina. Mashine ikazitupa zote ikaweka zake, na kwa kuwa zake zilikuwa zilezile, hakuna aliyeona kitu. Nikachapa, wakapiga muhuri, ikabandikwa.

Kabla ya siku ya kukabidhiana mashamba, Kassimu, aliyeokota kumi na nne, akafariki. Ameacha watoto watatu. Dada yake akamwendea mtendaji akamwomba jina la kaka yake lisiitwe mbele za watu kabla ya arobaini yake kusomwa. Kwetu jambo hilo haliombwi mara mbili. Jina la maiti mbichi liitwe katikati ya uwanja, na mwenyewe hayupo kuitikia, mnamtaka yule dada afanye nini? Mtendaji akanipigia akasema futa mstari wa Kassimu kwa sasa, tutaurudisha arobaini ikishapita. Nikaona ni heshima na ni utu. Nikafuta ule mstari.

Kwenye maandishi ya mtendaji, mtu wa mstari uliofuata alikuwa bado ameandikwa kumi na tano. Kwenye karatasi akatoka kumi na nne. Wa kumi na sita akawa kumi na tano, hivyo hivyo mpaka chini, watu ishirini na wawili wamesogezwa kigingi kimoja na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Na mie niliiona ile karatasi. Niliishika ikiwa na joto la printa. Niliiona imejifunga vizuri, haina pengo, moja mpaka thelathini na tano. Nilifurahi, Selemani. Nilisema kimoyomoyo, ona hiyo.

Siku ya kukabidhiana walisoma kutoka kwenye karatasi mpya, maana ndiyo yenye muhuri wa karibuni. Waliokumbuka namba zao walidhani zimepangwa upya na wakubwa. Karatasi ina muhuri, nani atabishana na muhuri? Alibisha mmoja, Bi Hadija. Mjane, hajui kusoma, lakini namba yake aliiokota kwa mkono wake na aliitaja njia nzima kurudi nyumbani. Akawaambia mie ni thelathini na sita. Wakamwambia bibi, thelathini na sita haipo kwenye orodha, wewe ni thelathini na tano, nenda kwenye kigingi hicho hapo. Akawaambia thelathini na tano ni ya mtu, na yeye halimi shamba la mtu. Hakulima. Kile kigingi cha mwisho, kwa kuwa kwenye karatasi hakina mwenyewe, kamati ikampa mtu aliyekuwa safarini siku ya kuokota. Bi Hadija akakaa nyumbani msimu mzima akila mihogo ya kupewa huku anatazama mpunga wa mtu mwingine ukipanda kwenye ardhi yake, na kila aliyemwambia achukue hicho kingine alimfukuza kwa mdomo.

Arobaini ikapita. Nikarudisha mstari wa Kassimu, mashine ikahesabu upya kwa adabu zake zote, na watoto wa marehemu wakaenda na dada yake kwenye kigingi cha kumi na nne wakakuta miche ya mtu imeshashika. Panga zilitoka, unajua. Alhamdulillahi hazikufanya kazi, lakini zilitoka.

Wakatuita. Tulikwenda na boti mie na wewe, kompyuta imefungwa kwenye mfuko wa mbolea isilowe. Mkutano wa kijiji kizima, karatasi mbili mezani, zote safi, zote na muhuri, na hazisemi kitu kimoja. Mwenyekiti akauliza nani alizibadili namba. Mtendaji Mbwana akasema yeye alizituma sawa, na akatoa kitochi chake, na kweli alizituma sawa. Watu wote wakageuka kwangu.

Nilikuwa na sekunde chache. Niliwaza duka. Niliwaza hawa watu wote ndio wateja wangu, na vijiji vya jirani vitasikia kesho. Niliwaza miaka yangu yote ya kupiga chapa bila kosa. Nikasema:

"Ni programu ya huyu mtoto. Bado anajifunza."

Ulinitazama mara moja tu. Halafu ukasimama, miguu imejaa tope mpaka magotini, ukawaambia samahanini wazee wangu, nitaitengeneza. Na watu wakalainika, maana nani atamkaba mtoto? Wakaamua aliyepanda avune, na msimu unaofuata kila mtu arudi kwenye namba aliyoiokota. Watoto wa Kassimu hawakupata hata debe mwaka ule. Bi Hadija hakupata kitu. Na mie nikarudi Kibiti na jina langu zima, na duka likaendelea.

Wewe ulirudi na jina jipya. Mpaka leo wapo vijana hapo stendi wanaokuita Kumi na Nne. Unacheka nao. Nimekuwa nikikusikia ukicheka nao miaka mitatu kutoka ndani ya duka, na kila mara najiambia mbona hajali, ni utani wa vijana, na kila mara najua nadanganya.

Jioni ile ile tuliyorudi ulikaa ukaiandika kanuni mpya. Hukunilaumu. Hukusema, si nilikwambia? Asubuhi nilikuta tu kwenye ile karatasi ya alama iliyobandikwa ukutani umeongeza mistari miwili kwa kalamu: namba iliyoandikwa na mtu haiguswi, na mtu akiondolewa, namba yake ibaki peke yake na kistari, hakuna atakayesogezwa. Nikaisoma nikaenda kufungua duka. Sikukwambia ahsante. Nilikwambia ufagie.

Sasa sikiliza nilichojifunza, maana nimekilipia, na waliokilipia zaidi ni watu wengine. Ipo namba ambayo kazi yake ni kuhesabu tu, kama ya ajenda, na hiyo mashine iichukue, ipachike, iisogeze, mie nitapiga makofi. Na ipo namba ambayo mtu amepewa. Ameiokota kwenye kofia, ameitaja njiani, ndiyo shamba lake. Hiyo huwezi kuisogeza kwa sababu ukurasa una pengo. Pengo lile lilikuwa Kassimu. Lilitakiwa lionekane. Mie nililiziba kwa sababu nilipenda karatasi nzuri, na yule bwana wa simu anataka kufanya jambo lilelile kwa vijiji ambako hatatia mguu.

Na mashine haiwezi kujua ipi ni ipi. Mtu aliyebonyeza na kushikilia anajua. Ndiyo maana alishikilia. Hicho ndicho ulichojaribu kuniambia ukiwa na miaka kumi na saba, nami nikakuuliza duka la nani.

Kwa hiyo usiwape. Nakwambia kama ninavyomwambia mtu mzima: usiwape ile kanuni waiondoe. Wachukue rangi, wachukue jina, waibadili Alama waiite wanavyotaka, nukta zangu wakizitaka waziondoe waweke kitu kingine. Lile usiwape. Watakwambia ni jambo dogo, kistari tu na namba. Watakwambia watumiaji wanachanganyikiwa. Waambie wewe umewaona watumiaji wakiwa na panga. Watakwambia mdogo wangu, hapa tunafanya hivi. Usiseme tutaangalia. Sema hapana, halafu nyamaza, uone nani ataanza kutapatapa. Ni neno fupi na hujawahi kulisema kwa mtu mkubwa, na kosa la hilo ni langu. Siku ile uwanjani ulijifunza kwamba mtu mwenye amani ni yule anayemeza. Nilikufundisha kumeza mbele ya kijiji kizima, kisha nikakusifu nyumbani kwa utulivu wako.

Wakikufukuza rudi. Nasema kweli, rudi, na begi lako na kichwa juu, na atakayekuuliza hapa Kibiti kwa nini umerudi nitamjibu mie, na unajua ninavyojibu. Tuliandikia watu mihtasari kabla ya hiyo kampuni kujua kwamba kuna kijiji chenye kitochi. Tutaendelea. Sitaki mshahara unaokuja huku Bi Hadija mwingine amekaa mlangoni kwake anatazama mpunga wake ukivunwa na mtu.

Maana nilikwenda kumwona. Hukujua. Ile Jumatano niliyokwambia nakwenda Nyamisati kufuatilia karatasi, nilivuka mpaka kwake. Nilimkuta anapepeta. Shamba lake analo sasa, msimu wa tatu huu, kigingi cha thelathini na sita amekipaka rangi upya mwenyewe na haruhusu kuku wakisogelee. Alinipa kigoda nikakaa, na nikamwambia. Nilimwambia yote bila kuzunguka: kwamba wewe ulitaka namba za watu ziheshimiwe, kwamba mie ndiye niliyekataa, kwamba programu ilifanya sawasawa nilivyoiamuru, na kwamba pale uwanjani nilikutupia wewe ili nipone.

Aliendelea kupepeta. Nikadhani hajasikia, nikaanza kurudia. Akaniambia:

"Nilijua siku ileile. Nilimwona mtoto alivyokutazama. Nilikuwa nangoja nione kama utamwacha aondoke nalo."

Nilimwomba radhi, akasema yake ameshaisamehe zamani, njaa ile imepita, na kwamba radhi aliyokuwa akiizungumzia si ya kwake.

Kesho ukishapanda gari mie nafunga duka. Nakwenda kule kijijini kwa boti ya asubuhi. Keshokutwa wana mkutano mkuu, na nimemwomba mtendaji Mbwana dakika tano mbele ya watu walewale, kwenye uwanja uleule. Dada yake Kassimu atakuwepo, na watoto. Wakitaka kunicheka wanicheke. Wakitaka kupeleka mihtasari yao kwa mpiga chapa mwingine waipeleke, njia ya Utete wanaijua. Nimeshapiga hesabu ya aibu yote na hainiogopeshi tena. Nimechoka kuona ukiibeba wewe. Na nikitoka huko nitapita stendi, nisimame katikati ya wale vijana, niwaambie Kumi na Nne ndiye huyu hapa, niiteni mie.

Nilitaka kukwambia haya ana kwa ana leo kabla hujaondoka. Nimejaribu asubuhi wakati wa mihogo, ukaniuliza mama mbona unanitazama, nikakwambia una mafuta kidevuni. Kwa hiyo barua hii naitia begini mwako, utaisoma ukiwa umeshafika mbali, na hutaweza kuniambia haidhuru. Najua ungeniambia haidhuru. Usiniambie. Ukipiga simu, nitukane kidogo kwanza, nastahili kuyasikia.

Kosa lilikuwa langu, Selemani. Wewe ulikuwa sahihi, ulikuwa na miaka kumi na saba, ulikuwa sahihi, na nilijua wakati nafungua mdomo.

Mama yako,
Zuhura